Nyoka Dume na Nyoka Jike

Kusini ya kivuko cha Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iko Timbwani, ambayo upande wake mmoja ni bahari na upande wa pili ni mitaa mingine ya Likoni. Zamani nchi hii yote ya pwani ilikuwa ya minazi, miembe na mikorosho, na vichaka vilivyoota juu ya mwamba wa matumbawe. Siku hizi nyumba zimesongamana, lakini miti haijakwisha. Na palipo na mwembe wenye ndege na mijusi, nyoka wa mitini hayuko mbali. Aonekanapo nyoka wa kijani tawini watu hukusanyika chini, na kabla ya jiwe la kwanza kurushwa mabishano huwa yamekwisha kuanza. Mmoja husema huyo ni dume, kwa kuwa rangi yake yang'aa. Jike wake ni yule wa hudhurungi aliyeonekana juzi penye ua wa makuti. Wa pili hukana, akasema aliye mkubwa ndiye jike, maana ndiye abebaye mayai. Wa tatu, aghalabu mtu mzima, huonya ya kwamba akiuawa mmoja ni lazima mwenziwe naye atafutwe siku hiyo hiyo, la sivyo atakuja kulipiza kisasi.

Wajuzi wakubwa wa Athens, Cape Town, London na Chicago wamebishana juu ya mambo hayo hayo, au mambo yanayokaribiana nayo sana, kwa muda unaopita miaka elfu mbili. Walikuwa na vitabu, vioo vya kukuzia na nyoka waliohifadhiwa katika chupa za pombe kali. Na juu ya hayo yote rangi iliwadanganya mara nyingi. Mmoja wao shaka juu ya nyoka mdogo mmoja ilimgharimu maisha yake.

Yafaa kwanza tuwajue nyoka wenyewe. Katika miti ya mwambao wa Kenya wako nyoka wa kijani wa namna tatu wanaochanganywa kila siku. Wa kwanza ni ukukwi, mwembamba kama kamba, mla mijusi na vyura, asiye na sumu ya kumdhuru mtu. Wa pili ni yule ambaye katika vitabu huitwa mamba wa kijani. Msomaji asimfikirie mamba wa mtoni. Neno hili limetoka katika lugha ya Kizulu, ambamo imamba ni nyoka, nalo limetufikia kwa njia ya Kiingereza. Ili tusichanganye mambo nitamwita mamba-kijani. Huyu hufikia urefu wa mita mbili hivi, hukaa mitini karibu maisha yake yote, na sumu yake hushambulia neva, yaani nyuzi zipelekazo habari mwilini. Imewahi kuandikwa kwamba katika pwani ya Kenya na kusini ya Tanzania wako mahali pengine wawili hadi watatu katika hekta moja, na safari moja walionekana watano katika mti mmoja. Wa tatu ni yule ambaye Makaburu wa Afrika ya Kusini walimwita boomslang, maana yake nyoka wa mti. Nami nitamwita nyoka-mti. Meno yake ya sumu yako nyuma kidogo kinywani, macho yake ni makubwa mno kwa kichwa chake, na sumu yake huiharibu damu isiweze kuganda, hata baada ya saa nyingi mtu akatoka damu puani, katika fizi na ndani ya mwili.

Dawa inayomfaa aliyeumwa na mamba haimfai aliyeumwa na nyoka-mti. Dawa ya nyoka-mti ni ya peke yake, nayo hutengenezwa Afrika ya Kusini tu. Kwa hiyo mtu anaposimama chini ya mwembe akauliza kama nyoka yule ni dume au jike, ndani ya swali lake limo swali jingine lililo zito zaidi: nyoka yule ni nani?

Lugha yetu yenyewe haikuwahi kulishughulikia sana jambo hili. Kiswahili kina utajiri wa majina kwa wanyama wanaofugwa: kuku dume ni jogoo, na jike ni tembe kabla hajaanza kutaga na koo akiisha kutaga, ng'ombe dume ni fahali, mbuzi dume ni beberu. Nyoka hakupewa jina la dume wala la jike. Mfugaji humtazama mnyama wake kila siku kwa kuwa anataka maziwa, mayai na watoto; nyoka hutazamwa kwa dakika moja, kwa mbali, na mtazamaji ameshika fimbo.

Wayunani wa kale walikuwa na hadithi ya mwaguzi aitwaye Tiresias, aliyewakuta nyoka wawili wamesokotana mlimani akawapiga kwa fimbo, naye papo hapo akageuka mwanamke. Baada ya miaka saba aliwaona tena wamesokotana, akawapiga tena, akarudia kuwa mwanamume. Hadithi ni hadithi. Lakini yaonyesha jinsi watu walivyoamini kwamba nyoka wawili waliosokotana hawana budi kuwa mume na mke. Jambo hili tuliweke akiba, maana tutalirudia. Mwanafalsafa Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, hakutosheka na hadithi. Katika kitabu chake juu ya wanyama aliwataja nyoka, pamoja na buibui na vyura, miongoni mwa viumbe ambao jike ni mkubwa kuliko dume. Kwa chatu maneno yake ni kweli hata leo. Kwa nyoka wengine, kama tutakavyoona, yanageuka.

Majina ya vitabuni ya nyoka wetu wengi hayakutungwa kwetu. Yalitungwa na wageni, kwa nyoka waliokusanywa mbali, na baadhi ya majina hayo yalianza Cape Town. Huko aliishi daktari wa jeshi, Mskoti Andrew Smith, msimamizi wa kwanza wa Makumbusho ya Afrika ya Kusini yaliyoanzishwa mwaka 1825. Nyoka-mti walimfikia kwa rangi mbalimbali: wa kijani kitupu, wa kijani wenye magamba yenye ukingo mweusi, wa hudhurungi, wa kijivu. Katika mwaka wa 1828 aliwatangaza kwa ulimwengu wa elimu, lakini hakuwatangaza kama nyoka wa aina moja. Aliwapa majina kadha wa kadha, kana kwamba kila rangi ni kabila lake. Hakuwa mtu mzembe. Alifuata mazoea ya wakati wake, ambapo ngozi ya mnyama ilikuwa karibu ndiyo cheti chake. Yalipita mashauri mengi kabla ya majina hayo kuunganishwa kuwa moja, na ikajulikana ya kwamba tofauti kubwa iliyowasumbua watu ilikuwa ya dume na jike. Dume aliyekomaa wa nyoka-mti aghalabu ni wa kijani. Jike aghalabu ni wa hudhurungi au kijivu. Watoto wao, wawe madume au majike, hufanana kwa rangi ya kijivu na hudhurungi mpaka wakue.

Hapa ndipo penye jambo la kustaajabisha. Yule mtu wa Timbwani asemaye kwamba wa kijani ni dume na wa hudhurungi ni jike amesema kweli kuliko Daktari Smith wa mwaka 1828, maadamu nyoka aliye juu ya mti ni nyoka-mti. Katika nyoka wote wa sumu wa Afrika ya Mashariki sijui mwingine ambaye rangi yake huonyesha dume na jike kwa wazi kiasi hicho. Na hata kwake yeye si kanuni isiyovunjika, kwani katika sehemu zetu jike wa kijani huonekana pia. Lakini kama aliye juu ya mti ni mamba-kijani, maneno yale hayana maana yoyote. Dume wa mamba-kijani ni kijani na jike wake ni kijani, na anayemtafuta jike wa hudhurungi anatafuta nyoka wa aina nyingine kabisa. Hali kadhalika ukukwi. Hekima iliyo kweli kwa nyoka mmoja ikichukuliwa ikavikwa wote huwa ni kosa, na kosa lenyewe huwa gumu kuondoka kwa sababu mtu amewahi kuliona likiwa kweli.

Mkanganyo wa mamba ulikuwa mkubwa zaidi, nao unamgusa mtu ambaye jina lake linajulikana sana katika historia ya Zanzibar. John Kirk, tabibu na mwanabotania, alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Alikusanya mimea, samaki na nyoka, akavipeleka Uingereza. Miongoni mwa nyoka hao alikuwamo mmoja mrefu mwenye rangi isiyong'aa, ambaye Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza alimweleza katika mwaka wa 1864 kwa jina la polylepis, yaani mwenye magamba mengi. Huyo ndiye koboko. Kirk alikwenda Zanzibar mwaka 1866, na katika mwaka wa 1873 alikuwa ndiye balozi wa Uingereza wakati Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Wanafunzi humsoma Kirk kwa ajili ya mkataba ule. Ni wachache waambiwao kwamba koboko wa kwanza kuingia katika vitabu vya elimu alipita mikononi mwake.

Mamba-kijani alikuwa amekwisha kupewa jina mwaka 1849 na Andrew Smith yule yule. Basi vitabu vilikuwa na nyoka wawili mbalimbali, na hivyo ndivyo ilivyo kweli. Lakini katika mwaka wa 1896 George Boulenger, bingwa mashuhuri wa London, aliwaunganisha akawafanya nyoka wa aina moja. Ilidhaniwa kwamba yule wa kijani ni nyoka mchanga na yule wa rangi ya giza ni huyo huyo akiisha kuzeeka. Dhana yenyewe ilikuwa na ladha ya ukweli: nyoka wengi hubadili rangi wakuavyo, na nyoka-mti alikuwa amekwisha kuwafundisha watu kwamba rangi mbili zaweza kuwa za nyoka mmoja. Baada ya kukosea kwa kugawanya kilicho kimoja, sasa walikosea kwa kuunganisha vilivyo viwili! Kosa hili lilidumu miaka hamsini. Vivian FitzSimons wa Makumbusho ya Transvaal, Pretoria, ndiye aliyelivunja mwaka 1946. Aliwaweka wengi wa aina zote mbili, wadogo kwa wakubwa, akahesabu magamba yao. Ukihesabu safu za magamba kuzunguka kiwiliwili, koboko ana 23 hadi 25, na mamba-kijani ana 17 hadi 21. Mtoto wa koboko huzaliwa na hesabu ya koboko, na mamba-kijani mzee hafi na hesabu nyingine. Rangi hubadilika kwa umri, kwa jua na kwa kujivua gamba. Idadi ya magamba mtu au nyoka hawezi kuibadili.

Na kwa hesabu hiyo hiyo ya magamba, dume na jike nao walipata kujulikana. Viungo vya uzazi vya nyoka dume ni viwili, navyo hukaa vimejificha ndani ya shina la mkia, nyuma ya tundu la haja. Kwa sababu hiyo mkia wa dume huhitaji nafasi: huwa mnene penye shina, mrefu zaidi, nao hupungua polepole hadi nchani. Mkia wa jike huwa mfupi, na mara baada ya tundu la haja hupungua ghafula. Anayehesabu magamba yaliyo chini ya mkia ataona kwamba kwa kawaida ya dume ni mengi kuliko ya jike wa aina ile ile. Katika nyoka wengine tofauti hii ni ndogo, yahitaji subira. Kwa wengine yaonekana kwa jicho. Kifutu mkubwa wa misituni, yule mwenye nakshi kama za zulia anayepatikana kusini ya Tanzania, mkia wa dume ni kama asilimia 12 ya urefu wake wote, na wa jike ni kama asilimia 6 tu. Chatu naye ana alama yake: pande mbili za tundu la haja zipo kucha mbili ndogo, masalio ya miguu ambayo mababu zake walikuwa nayo, na za dume ni kubwa kuliko za jike.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hii ya kupima na kuhesabu ilifanywa sana na Arthur Loveridge, aliyefika Nairobi mwaka 1914 kuyasimamia makumbusho, akatumikia idara ya wanyama ya Tanganyika, na tangu mwaka 1924 akawa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Orodha yake ya wanyama watambaao na vyura wa Afrika ya Mashariki ilitoka mwaka 1957. Ukisoma taarifa zake huchoka kwa tarakimu: urefu wa mwili, urefu wa mkia, magamba ya tumboni, magamba ya mkiani, dume, jike. Ni kavu kama kitabu cha hesabu za dukani, lakini ndani yake mabishano ya miaka mingi yamelala kimya.

Mwingine alikuwa C. J. P. Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kiyunani, aliyekuwa bwana nyama wa Tanganyika na baadaye akajitolea nafsi yake kwa nyoka. Makazi yake yalikuwa Liwale, na katika nchi ya Newala alikamata mamba-kijani kwa maelfu, akiwashusha mitini kwa koleo lililofungwa katika ncha ya ufito mrefu. Alifariki mwaka 1968. Vitabu vilivyoandikwa juu yake humsifu kwa ushujaa, na kwa haki. Walakini nyoka wale aliambiwa walipo na wanakijiji, waliokuja mbio kumpa habari na kulipwa ujira wao. Jicho la kwanza lililomwona nyoka kati ya majani mara nyingi lilikuwa la mkulima, na jina la mkulima huyo halimo katika chupa.

Sasa nitasimulia habari ya Chicago, kwa kuwa yaonyesha kwamba hata magamba yaweza kumtia mtu shaka. Karl Patterson Schmidt alikuwa mtaalamu wa nyoka anayeheshimiwa dunia nzima, na nyoka wa Afrika hawakuwa wageni kwake. Alipokuwa kijana alikuwa ameandika kitabu kikubwa juu ya wanyama watambaao waliokusanywa Kongo na msafara wa Wamarekani wa miaka ya 1909 hadi 1915. Tarehe 25 Septemba 1957 bustani ya wanyama ya Lincoln Park ilimpelekea nyoka mdogo kutoka Afrika, urefu wake kama sentimita 76, ili amtambue. Alikuwa na sura ya nyoka-mti, lakini mtoto, na mtoto wa nyoka-mti hana ule ukijani wa dume aliyekomaa. Tena lile gamba linalofunika tundu la haja, ambalo kwa nyoka-mti hugawanyika mawili, kwa huyu lilikuwa zima. Schmidt akasita. Alimshika mbali kidogo na kichwa ili amchunguze. Nyoka akageuka, akamwuma kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Kwa kuwa nyoka alikuwa mdogo, na jino moja tu la nyuma lilikuwa limezama vizuri, Schmidt hakuona hatari kubwa. Alirudi nyumbani kwa gari la moshi, akaandika kwa mkono wake kila badiliko aliloliona mwilini: kichefuchefu, baridi, homa, damu katika fizi. Asubuhi alijiona ana nafuu, akala chakula, akapiga simu kazini kwamba angerudi. Alasiri ya tarehe 26 alifariki, umri wake miaka 67. Hakukuwa na dawa ya nyoka yule karibu naye, ilikuwa Afrika. Tangu hapo hakuna mtu wa elimu aliyethubutu tena kumdharau nyoka-mti kwa kuwa meno yake yako nyuma. Jambo moja katika kisa hiki hunijia kila nikisikia mtu akisema, "Huyu ni mtoto tu, na si wa kijani." Nyoka aliyemwua Schmidt alikuwa mtoto, wala hakuwa wa kijani.

Tuirudie sasa ile akiba ya Tiresias. Huku kwetu pia mtu akiwakuta koboko wawili wameinuka, wamesokotana shingo kama nyuzi za kamba, husema amewaona mume na mke. Wazungu waliamini hivyo kwa karne nyingi, wakaita ngoma ya nyoka. Kabla ya kuwatia mikononi na kutazama mikia, nani angejua? Katika miaka ya 1930 na 1940 wataalamu walianza kuwakamata nyoka hao wachezao na kuwapima. Charles Shaw wa bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, aliandika mwaka 1948 juu ya nyoka wa huko wenye njuga mikiani, akaonyesha kwamba ngoma ile ni mweleka wa madume wawili. Kila mmoja hujaribu kukilaza kichwa cha mwenziwe chini. Hawaumani, na aliyeshindwa huenda zake. Koboko na mamba-kijani hufanya vivyo hivyo. Dume na jike wanapokutana huwa watulivu zaidi, wakalala kwa saa nyingi mwili kando ya mwili, na mpita njia huenda asiwaone kabisa.

Mweleka huu ndio ulioyapindua maneno ya Aristotle. Mwaka 1978 Rick Shine, mtaalamu wa Australia, alilinganisha nyoka wa aina nyingi akaona kwamba wale ambao madume hushindana kwa mweleka, mara nyingi dume hukua akamfikia au kumpita jike. Na pale ambapo hakuna mweleka, jike huwa mkubwa, kwani mwili mkubwa hubeba mayai mengi. Basi ukubwa peke yake hauwezi kumwambia mtu jambo lolote mpaka kwanza ajue ni nyoka wa aina gani.

Na ile imani ya kisasi? Nyoka hawaishi mume na mke nyumba moja, wala hawaombolezi. Lakini wakati wa kupandana jike huacha harufu katika njia yake, na dume huifuata kwa kuionja hewa na ardhi kwa ulimi wake. Jike akiuawa uani leo, si ajabu dume akafika kesho pale pale, akifuata harufu ya aliyekwisha kufa. Watu walioona mambo hayo hawakusema uongo juu ya walichokiona; walimpa nyoka moyo wa kibinadamu tu.

Mtu asidhani kwamba mambo ya rangi yalikwisha zamani. Fira, ambaye wengine humwita swila, yule atemaye sumu machoni, alijulikana katika vitabu tangu mwaka 1843 kwa jina la mwenye shingo nyeusi. Katika pwani ya Kenya yuko fira mkubwa wa hudhurungi, naye kwa miaka mingi aliandikwa kuwa ni yule yule, ila rangi imetofautiana. James Ashe, aliyewahi kuwa msimamizi wa nyoka katika makumbusho ya Nairobi na ambaye mwaka 1980 alianzisha pamoja na mkewe shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, alikuwa akisema tangu zamani kwamba huyu ni nyoka mwingine. Alifariki mwaka 2004. Mwaka huo huo fira mmoja wa Watamu alikamuliwa sumu mililita 6.2 kwa safari moja, kiasi kikubwa mno kwa nyoka yeyote. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2007, Wolfgang Wüster na Donald Broadley waliyachunguza magamba na chembe za urithi, wakathibitisha kwamba Ashe alisema kweli, na nyoka akapewa jina lake, Naja ashei. Hapo rangi iliyodharauliwa ndiyo iliyokuwa na habari.

Amebaki nyoka mmoja ambaye ningekuwa na hatia nikimwacha, kwa kuwa anaishi Mombasa na swali letu lote kwake halina kazi. Ni yule nyoka kipofu mdogo, mweusi, mwenye kung'aa, urefu wake haufiki sentimita 20, akaaye katika udongo wa bustani na ndani ya vyungu vya maua. Hana sumu; hula mayai ya mchwa na sisimizi. Mfaransa Daudin alimpa jina mwaka 1803 kwa nyoka waliotoka Bara Hindi, na tangu zamani amesafiri katika udongo wa mimea mpaka pwani yetu, Zanzibar, visiwa vya bahari zote na Marekani. Wataalamu walimtafuta dume wake kwa muda mrefu, wakipima mikia kama kawaida. Kila waliyempima vizuri alikuwa jike. Hutaga mayai bila dume, na watoto wake wote ni majike, hata mmoja tu akisafirishwa katika chungu kimoja cha maua yatosha kuanzisha ukoo mpya ng'ambo ya bahari. Watu wanaopalilia bustani humwona mara kwa mara baada ya mvua, wakamdhani nyungunyungu, wakamtupa kando kwa jembe.